Denis Burkitt, mganga wa jicho moja aliyeuliza kwa nini utumbo wa Mwafrika ulikuwa mzima

Katika hospitali nyingi za Ulaya, Marekani na Uchina, mganga anayechunguza utumbo mkubwa wa mgonjwa kwa kamera hatazami tena peke yake. Kompyuta inatazama picha ileile pamoja naye, na kila inapoona kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo inachora kisanduku cha rangi kwenye kioo ili mganga asikipite. Vinyama hivyo vinaitwa polipu. Vingi havina ubaya, lakini vingine vikiachwa kwa miaka vinageuka kansere.

Kwa msomaji wa Katuba, Kenya au Ruashi, habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali. Kwa muda mrefu waganga wenyewe waliandika kwamba kansere ya utumbo mkubwa ni ugonjwa wa Wazungu. Mtu aliyeifanya dunia iulize kwa nini iko hivyo alikuwa mganga mpasuaji wa Ireland aliyeishi Uganda miaka 20, na ambaye tangu utoto alikuwa anaona kwa jicho moja tu. Jina lake ni Denis Burkitt. Alikufa mwaka 1993, lakini swali lake linaihusu Lubumbashi ya leo kuliko ile ya wakati wake.

Mtoto wa Enniskillen

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 mwezi wa pili 1911 huko Enniskillen, mji mdogo wa kaskazini ya Ireland. Baba yake alikuwa injinia wa barabara na madaraja ya wilaya. Saa za mapumziko, mzee huyo alifuata ndege wadogo wa bustani, akawafunga alama miguuni na kuandika kwenye ramani kila mmoja anakaa wapi na mipaka yake inafika wapi. Mtoto alikua akiona kazi hiyo nyumbani: kutazama, kuhesabu, kuweka kwenye ramani. Baadaye ndiyo ilikuja kuwa kazi yake, ila yeye aliwekea ramani magonjwa.

Alipokuwa na miaka 11, jiwe lililorushwa na watoto wenzake lilimpiga usoni na kuvunja miwani yake. Jicho la kuume halikupona, likatolewa, na tangu siku hiyo alivaa jicho la kioo. Kwa mtu atakayekuwa mpasuaji, huo haukuwa mwanzo mzuri.

Mwaka 1929 aliingia Trinity College mjini Dublin ili asome uinjinia kama baba yake. Hakukaa sana. Alikuwa Mkristo mwenye kushika dini, akaona kwamba kazi yake ni kutibu watu, akahamia masomo ya uganga na kumaliza mwaka 1935. Alisomea upasuaji, akafanya kazi Uingereza, akasafiri baharini mpaka Asia ya mashariki kama mganga wa meli. Alipoomba kazi ya uganga Afrika ya magharibi, wakubwa wa makoloni wa Uingereza walimkataa sababu ya jicho lake. Vita ya pili ya dunia ndiyo iliyomleta Afrika ya mashariki, akiwa mganga wa jeshi huko Kenya na Somalia. Vita ilipoisha, mwaka 1946, alipewa kazi Uganda.

Lira, kisha Mulago

Kazi ya kwanza ilikuwa Lira, kaskazini ya Uganda, ambako alitibu karibu kila kitu. Hapo aliona jambo ambalo wengine walilizoea na hawakuliuliza. Wanaume wengi walikuja na uvimbe wa maji kwenye korodani, lakini karibu wote walitoka upande wa mashariki wa wilaya. Wa magharibi hawakuja. Burkitt alipeleleza kijiji kwa kijiji, akachora mpaka, na akaandika kwamba ugonjwa ulifuata mahali palipokuwa na vijidudu vya filaria vinavyoenezwa na mbu. Ilikuwa kazi ndogo, lakini ilimfundisha kwamba ukijua ugonjwa unakaa wapi na haukai wapi, umekaribia kujua unatoka wapi.

Mwaka 1948 alihamishwa Mulago, hospitali kubwa ya Kampala. Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita atazame mtoto wa kiume ambaye taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini. Burkitt hakujua ni nini. Baada ya majuma machache alienda Jinja, na pale hospitalini akaona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Alirudi Kampala, akafungua vitabu vya hospitali, akaanza kuhesabu watoto wenye uvimbe huo. Walikuwa wengi. Waganga walikuwa wamewaandika kwa majina tofauti, kufuatana na mahali uvimbe ulipotokea, na hakuna aliyetambua kwamba wote wana ugonjwa mmoja.

Mwaka 1958 aliandika habari hiyo katika gazeti la wapasuaji la Uingereza, na kwanza haikushtua watu wengi. Wachunguzi wa maabara wa Mulago walionyesha kwamba ilikuwa kansere ya tezi. Leo inajulikana dunia nzima kwa jina la lymphoma ya Burkitt, na Kongo yetu imo ndani ya ukanda wa Afrika ambamo watoto wanaipata.

Kilomita 16,000 kwa motokari ya zamani

Burkitt alitaka ramani. Kwa feza kidogo sana alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa na kuzituma kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni pande nyingi za Afrika, akiuliza kama wamepata kuona kitu kama hiki. Majibu yalionyesha ukanda mmoja unaopita katikati ya bara. Ili ajue mwisho wake kusini, aliondoka Kampala mwezi wa kumi 1961 pamoja na waganga wawili rafiki zake, Ted Williams na Cliff Nelson, ndani ya motokari ya Ford iliyokwisha kutumika. Walitembea majuma kumi, karibu kilomita 16,000, na kuingia katika hospitali zaidi ya 50. Ulikuwa mwaka mgumu kwa Katanga yenyewe: mwezi wa kumi na mbili, safari hiyo ikielekea mwisho, Elisabethville ilikuwa katikati ya mapigano ya jeshi la Umoja wa Mataifa na askari wa Tshombe.

Ramani ilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa mahali penye joto na mvua, na ulipungua milimani na kwenye baridi. Ukanda ulifanana na ule wa malaria kali. Wakati huohuo mwanasayansi wa London, Anthony Epstein, aliyemsikia Burkitt akifundisha mwaka 1961, alipokea vipande vya uvimbe vilivyotumwa kwa ndege toka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba wameona virusi ndani yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa virusi kupatikana ndani ya kansere ya mwanadamu.

Tena, Burkitt aliwapa watoto hao dawa, kwani upasuaji haukuwasaidia. Wengine walipona kabisa, wakati ambapo waganga wengi hawakuamini kwamba dawa peke yake inaweza kuponya kansere. Kituo cha matibabu kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 ndicho kilichokuwa Taasisi ya Kansere ya Uganda, ambayo mpaka leo inapokea wagonjwa wa mataifa mengi ya jirani.

Swali la utumbo

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kufanya kazi London katika baraza la utafiti wa uganga la Uingereza. Angeweza kumalizia maisha yake na sifa ya kansere ile ya watoto. Lakini mwaka 1967 alikutana na Peter Cleave, mganga wa jeshi la maji aliyestaafu, ambaye wengi walimwona mtu wa mawazo ya ajabu. Cleave alifikiri kwamba magonjwa mengi ya Ulaya yanatoka katika chanzo kimoja: sukari na unga mweupe uliotolewa maganda.

Burkitt alikumbuka meza yake ya upasuaji. Katika miaka 20 ya Uganda, kansere ya utumbo mkubwa, polipu, uvimbe wa kidole tumbo na mawe ya nyongo vilikuwa vitu adimu kwa Waafrika. Hospitali za Uingereza zilikuwa zimejaa wagonjwa hao hao. Weusi wa Marekani, ambao mababu zao walitoka Afrika, waliugua kansere ya utumbo kama Wazungu wa huko. Basi haikuwa damu wala rangi ya ngozi. Kulikuwa na kitu katika maisha.

Alirudia njia yake ya zamani. Kila mwezi alituma maulizo kwa hospitali zaidi ya mia moja za Afrika na Asia: mwezi huu mmeona wagonjwa wangapi wa ugonjwa huu, na wa ule? Majibu yalifanana. Katika vijiji ambamo watu walikula nafaka nzima, maharagwe, mizizi na majani, magonjwa hayo yalikuwa haba na yaliandamana. Yalipotokea, yalitokea kwanza mjini na kwa watu wenye mali.

Kisha alipima kitu ambacho waganga wengi waliona aibu kukitaja, choo kikubwa. Pamoja na Alec Walker wa Afrika ya kusini na Neil Painter wa London aliwapa watu vidonge vidogo vya plastiki wameze, kisha choo chao kikapigwa picha ya eksirei ili kujua vidonge vimetoka lini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilipita mwilini kwa saa 36 hivi, na choo cha siku moja kilikuwa na uzito wa gramu 470 hivi. Kwa askari wa maji wa Uingereza na wake zao kilikawia zaidi ya siku tatu na kilikuwa na gramu 100 na kidogo tu.

Maelezo ya Burkitt yalikuwa mepesi. Nyuzinyuzi za chakula, zile zinazobaki katika maganda ya nafaka, maharagwe na majani, zinafanya choo kiwe kingi na laini na kupita upesi. Palipo na nyuzinyuzi kidogo, uchafu unakaa muda mrefu ukigusa ukuta wa utumbo. Alizunguka Ulaya na Amerika akifundisha jambo hilo, mara nyingi akionyesha picha za choo alizopiga mwenyewe vichakani, na watu walicheka lakini walisikiliza. Kitabu chake cha 1979 juu ya nyuzinyuzi kilisomwa na watu wengi, na mikate ya nafaka nzima ikarudi katika maduka ya Wazungu.

Alikuwa na haki kiasi gani?

Sayansi haikumpa Burkitt haki yote. Hesabu zake zilitoka katika vitabu vya hospitali. Mtu wa kijijini aliyekufa nyumbani na damu katika choo hakuandikwa popote. Tena, watu wengi wa Afrika walikuwa vijana, na kansere hii inawashika zaidi wazee. Hakuna aliyetembea vijijini na kamera ili ajue kama kweli polipu hazimo.

Mwaka 2000 utafiti wa Marekani uliofuatia watu karibu 2,000 kwa miaka minne haukuona kwamba kula nyuzinyuzi nyingi kunazuia polipu kurudi kwa mtu aliyekwisha kutolewa. Lakini utafiti mkubwa wa Ulaya wa 2003 uliona kwamba wanaokula nyuzinyuzi nyingi wanapata kansere hiyo kidogo zaidi.

Jibu lililo karibu sana na swali la Burkitt lilikuja mwaka 2015. Mganga Stephen O'Keefe na wenzake walichukua Weusi 20 wa Pittsburgh, Marekani, na wanavijiji 20 wa Afrika ya kusini, wakawachunguza kwa kamera. Karibu nusu ya Wamarekani walikuwa na polipu, na kwa wanavijiji haikuonekana hata moja. Kisha kwa majuma mawili wakabadilishana vyakula. Wamarekani walikula unga wa mahindi, maharagwe na matunda, na Waafrika walikula nyama na vyakula vya mafuta. Katika muda huo mfupi alama za hatari kwenye ukuta wa utumbo zilishuka kwa Wamarekani na kupanda kwa Waafrika. Leo inajulikana pia kwamba bakteria za utumboni zinageuza nyuzinyuzi kuwa kitu kinacholisha na kulinda ukuta wa utumbo. Burkitt hakujua njia hiyo, lakini alikuwa ameonyesha mahali pa kuitafuta.

Jicho la pili

Wakati Burkitt akituma maulizo yake, wengine walitengeneza chombo cha kutazama. Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika ya kusini, alionyesha mwaka 1957 kwamba nyuzi nyembamba za kioo zinaweza kuleta picha toka ndani ya tumbo hata zikikunjwa. Mwaka 1969 huko New York, William Wolff na Hiromi Shinya walianza kukata polipu kwa waya uliopita ndani ya chombo hicho, bila kupasua tumbo. Ndiyo kolonoskopi. Kwa kuwa polipu inachukua miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi, kabla ya kuwa kansere, anayeiona na kuikata leo anazuia ugonjwa usianze.

Shida ni kuona. Utumbo una mikunjo, polipu nyingine ni bapa na zina rangi ya ukuta wenyewe, na jicho la mtu linachoka. Watu walipochunguzwa mara mbili siku moja, ilionekana kwamba karibu polipu moja kati ya nne za aina ya hatari ilikuwa imepitwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia. Imefundishwa kwa maelfu ya picha zenye polipu na zisizo nazo, na inasoma video ya kamera papo hapo. Katika utafiti wa Uchina uliochapishwa mwaka 2019, waganga peke yao walikuta polipu za hatari kwa wagonjwa 20 kati ya 100; wakisaidiwa na kompyuta, kwa wagonjwa 29. Huko Italia mwaka uliofuata hesabu ilipanda toka 40 mpaka karibu 55. Marekani iliruhusu chombo cha kwanza cha namna hiyo mwaka 2021. Sehemu kubwa ya nyongeza ni polipu ndogo, na bado inabishaniwa ni ngapi kati yake zingeleta kansere.

Kompyuta haioni nyuma ya mkunjo ambao mganga hakuufungua, na utumbo usiosafishwa vizuri unaipofusha kama unavyompofusha mtu. Tena, utafiti wa Poland uliotoka mwaka 2025 uliona kwamba waganga waliozoea kusaidiwa walipofanya kazi bila msaada walikuta polipu za hatari kwa wagonjwa 22 kati ya 100, wakati hapo kabla walikuta kwa 28. Jicho la pili linaweza kulifanya la kwanza livivu.

Bukari ya leo

Je, Lubumbashi iko wapi katika habari hii? Wakati wa Union Minière mfanyakazi alipokea posho ya unga, na mke wake alikuwa na shamba la majani na maharagwe. Leo mtu wa mji anaweza kushinda na mkate mweupe asubuhi, bukari ya unga uliotolewa maganda yote, nyama ya kukaanga, soseji na vinywaji vya sukari. Sombe, lengalenga, matembele na maharagwe vingali sokoni kwa bei ya chini kuliko nyama, lakini kuna nyumba ambamo vimeanza kuonekana chakula cha maskini. Kwa hesabu ya Burkitt, hiyo ndiyo njia ambayo Waingereza na Weusi wa Marekani waliipita kabla yetu.

Duniani kote kansere ya utumbo mkubwa ni ya tatu kwa wingi na ya pili kwa kuua. Mwaka 2020 ilishika watu zaidi ya milioni 1.9 na kuua zaidi ya 900,000. Hatari kwetu ni kuendelea kuamini kwamba ni ugonjwa wa wengine. Mtu akiona damu kwenye choo anafikiri ni amiba, bilharzia au hemoroide, na mara nyingi ni kweli. Lakini damu inayorudi baada ya dawa, choo kilichobadilika kwa majuma mengi, kukonda bila sababu au upungufu wa damu kwa mtu mzima ni mambo ya kumwonyesha mganga, na kumwuliza wazi kama utumbo unahitaji kutazamwa. Aliye na mzazi au ndugu aliyeugua kansere hii asingoje dalili. Kompyuta ya kusaidia inaweza kuja baadaye. Bila mganga aliyefundishwa, kamera, maji safi na umeme usiokatika, haina cha kutazama.

Burkitt alipokea zawadi kubwa za sayansi, na mwaka 1972 aliingizwa katika Royal Society ya Uingereza. Alifariki tarehe 23 mwezi wa tatu 1993 huko Gloucester, akiwa na miaka 82, akaacha mke wake Olive na mabinti watatu. Karibu kila alichogundua kilikuwa tayari mbele ya waganga wengine: uvimbe wa Lira, watoto wa Mulago, utumbo usiougua. Walikuwa na macho mawili, lakini walikuwa wamezoea.